Maiti Aliyesema Habari Zangu

Habari niliyomwambia mtu mmoja tu duniani niliisikia ikitoka kinywani mwa maiti wa Kijapani, Jumapili alasiri, mbele ya watu arobaini na mmoja. Maiti huyo alikuwa mwanamke. Aliketi juu ya kigoda ndani ya nyumba ya kuogea iliyohamwa, nywele zikichuruzika maji, shingoni ana jeraha lenye rangi ya sosi ya nyanya, na mbele yake amesimama mwanamume mwenye upanga kiunoni na karatasi mkononi. Maiti akamwambia kwa Kiswahili:

"Ruhusa ulikuwa nayo. Hiyo hapo mkononi, ina muhuri. Mimi nimelala kwenye barafu siku nne nakungoja, na wewe ukawaambia watu umekatazwa njia."

Baadhi ya watu walicheka. Mtu mmoja aliandika pembeni mwa kioo cha kompyuta, "Yesu wangu, huyu mama amekasirika." Mimi nilikuwa sebuleni kwangu, Guildford, magharibi ya Sydney, daftari mapajani na kalamu mkononi, kwa sababu kazi yangu siku hiyo ilikuwa kufuatilia dakika. Niliandika: 52. Kisha sikuandika kitu.

Inabidi nirudi nyuma, na nirudi kwa mpangilio, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea. Nafanya kazi ya ofisini katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa Seven Hills, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika taarifa za matukio. Mzee ameanguka: wapi, saa ngapi, nani alikuwa karibu, alivaa viatu gani, nani kaarifiwa. Hairuhusiwi kuandika "nadhani". Ukiifanya kazi hiyo miaka sita unaanza kuyatazama hata maisha yako kwa mtindo huo huo.

Ilikuwa 2021, mwaka wa pili wa korona. Mitaa yetu ya magharibi ndiyo iliyofungwa kwa nguvu zaidi. Hatukuruhusiwa kwenda mbali ya kilomita tano kutoka nyumbani isipokuwa kwa kazi maalumu, na mimi nilikuwa na kibali cha kazi maalumu kwenye simu, nikikionyesha kwa askari kituoni. Helikopta ilizunguka juu ya mapaa kila siku. Saa tano asubuhi watu wote walisimama kusikiliza idadi ya wagonjwa wapya, kisha wakarudi kwenye kimya chao.

Nyumba niliyokaa ilikuwa na kibanda cha vyumba viwili uani, na humo alikaa kijana mmoja Mkongo. Nasema kijana kwa sababu nilimzidi umri. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na ushee, na mvi mbili tatu kidevuni. Alizaliwa Uvira, akakulia katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na Australia alikuja kwa mpango wa kuhamishia wakimbizi. Alikuwa mpakiaji katika ghala moja ambalo lilifungwa baada ya wafanyakazi kuambukizwa. Kwa hiyo alishinda uani. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa. Kwetu Morogoro yaya ni msichana wa kulea watoto, na wiki ya kwanza nilimkatalia.

"Mimi sijaja hapa kubembeleza mtoto wako."

"Sasa nikuite nani? Madamu?"

"Dada inatosha."

"Dada ni kwa kila mtu. Yaya ni kwa mukubwa wangu." Basi akaendelea, nami nikaitika.

Kule kambini alikuwa mtafsiri wa filamu. Waliokulia kwetu wanaijua kazi hiyo, lakini nitaieleza kwa ajili ya wengine. Kibanda cha turubai, jenereta, televisheni moja, mabenchi. Filamu ni ya Kichina au ya Kihindi au ya Kimarekani, na mbele ameketi mtu mwenye kipaza sauti anayeisema kwa Kiswahili papo hapo, sauti za wote, wanaume, wanawake, farasi. Si lazima aijue lugha ya filamu. Anatazama midomo na mikono, anajaza. Na anajaza kwa mambo ya mtaani. Jambazi anapewa jina la mwenye duka anayepunja sukari. Malkia analia kwa maneno aliyoyasema jirani kwenye foleni ya maji. Aliyempiga mkewe juzi atamsikia mpiganaji wa Shaolin akimuuliza kama mkono umepona.

"Watu hawakuja kuona nani atakufa," aliniambia. "Walikuja kusikia nani atasemwa."

"Na wanaosemwa hawakukupiga?"

"Mara mbili. Lakini kesho yake wanarudi, wanakaa benchi ya mbele kabisa."

Hayo nilikuwa nayajua tangu mwanzo, na nilicheka. Nayaandika hapa ili isije ikaonekana kwamba sikuambiwa.

Mama yangu alifariki mapema Julai, Morogoro, baada ya kuugua siku tisa. Dada yangu alinipigia nikiwa kazini. Wakati ule mkazi wa Australia hakuruhusiwa kutoka nchini bila kibali maalumu. Uliomba mtandaoni, ukaambatanisha cheti au barua ya hospitali, ukasubiri. Niliomba siku hiyo hiyo. Baba yangu alisema mwili ubaki mochwari hadi mtoto wake wa Australia ajibiwe. Ndugu walimwambia gharama na joto na watu wanaosubiri, akasema, "Tutamngoja."

Jibu lilikuja siku ya tatu, kwa barua pepe. Ombi langu limekubaliwa.

Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama jikoni. Kutoka kulikuwa rahisi. Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu: wiki hizo serikali ilikuwa imepunguza idadi ya wanaoruhusiwa kuingia, na tuliwajua watu waliokwama Nairobi na Dubai miezi, safari zao zikifutwa moja baada ya nyingine. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria karantini. Nilipomaliza kufikiria yote yanayoelezeka, chini yake palikuwa na jambo lisiloelezeka vizuri: niliogopa kufika na kumwona. Nilikaa na barua ile hadi siku ya nne, kisha nikampigia baba nikamwambia wamekataa.

"Serikali ikikataa imekataa, mwanangu. Usilie. Tutakuzikia."

Walizika saa tisa ya siku ile, nami nikatazama kwenye simu, pamoja na watu wengi wa Sydney waliokuja kunipa pole kwa njia hiyo. Tangu Jumapili iliyofuata baba alianza jambo jipya. Kila Jumapili tulipoongea, saa nane za mchana huko, alimaliza kwa sala, na ndani ya sala hiyo alimwombea karani aliyeninyima ruhusa. "Na yule karani, Bwana, umlainishe moyo, naye ana mama." Hakukosa hata mara moja. Nami niliitikia amina.

Ndilo nililoshindwa kulibeba. Asubuhi moja ya Agosti tulikuwa uani tukianika nguo, mimi upande mmoja wa kamba, Mkongo upande wa pili, na nikamweleza. Sijui kwa nini yeye. Pengine kwa sababu shuka lilikuwa limetanda kati yetu na sikumwona uso. Nilimwambia yote: barafu, siku nne, barua ya kukubaliwa, karani asiyekuwepo anayeombewa na baba. Alipotokeza kwenye ukingo wa shuka alikuwa ameshika vibanio vya nguo mkono mzima na hajabana hata kimoja.

"Pole sana, yaya," alisema. "Hii neno naifukia hapa." Akajigusa kifuani.

Nilimwamini. Nilianika nguo zangu zote, nikaingia ndani, na siku hiyo nilikula chakula cha mchana kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Filamu yenyewe ilitoka barabarani. Kuna majira watu wa mitaa yetu hutoa mbele ya nyumba vitu wasivyovitaka, magodoro, viti, masanduku, vichukuliwe na gari la manispaa, na anayetaka huokota. Yeye aliokota boksi la santuri za filamu. Nyingi zilikwaruzika. Moja ilikuwa safi, jalada lake limeandikwa Kijapani kitupu, na picha ya msichana mwenye upanga na glavu za mpira za kuoshea vyombo. Tuliiweka kwenye kompyuta yangu ya zamani. Haikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Haikuwa na maandishi yoyote.

Nitajitahidi kuieleza. Majambazi wanakimbilia mlimani na begi, wanajificha katika nyumba ya kuogea iliyohamwa. Maji ya chemchemi yake yanafufua wafu. Hiyo ni dakika kumi za kwanza, na unadhani umeielewa. Kisha anaingia mpiganaji wa zama za kale mwenye upanga, amevaa suruali ya jinzi, na hakuna anayemshangaa. Kisha wafu wanapigana mieleka. Kuna mapenzi. Kuna wimbo mmoja. Kuna mpelelezi anayekula tambi kavu kutoka kwenye pakiti katika kila onyesho, hata anapofukuzwa. Fedha hawakuwa nazo, hilo lilionekana: damu ilikuwa nyepesi, moshi ulitoka upande mmoja tu, na wafu walikuwa watu sita waliobadilishiwa mawigi. Mimi ndiye niliyegundua. Mmoja wao alikuwa na kovu kwenye kiwiko cha kushoto, na katika dakika tisini na moja alikufa mara kumi na tatu. Pamoja na hayo, nawaambia, ilikuwa filamu nzuri. Kila aliyekuwamo alikimbia kwa nguvu zake zote. Mtu akitupwa ukutani, alitupwa kweli.

Wazo la kuionyesha lilikuwa lake. Kuipanga kulikuwa kwangu. Watu wetu wanaozungumza Kiswahili, Wakenya, Wakongo, Warundi, sisi Watanzania wachache, tulikuwa na kundi moja la wasapu, na miezi ile hatukukutana mtandaoni ila kwa misiba. Muuguzi mmoja Mkenya wa Quakers Hill, mwenye mdomo na moyo mkubwa, alijitolea kufungua chumba cha mkutano kwenye akaunti yake.

"Wacha tucheke kidogo, jamani," alisema. "Mimi nimechoka kuona jeneza kwa simu."

Nilitengeneza orodha ya dakika. Mtafsiri wa kambini hakuihitaji, maana alikuwa ameona kila filamu mara ishirini, lakini hii tuliiona mara nne tu. Kwa hiyo niliandika: dakika ya 14, msichana wa glavu anaingia kwa mlango wa nyuma. Dakika ya 31, mieleka. Dakika ya 52 hadi ya 55, maiti wa kike ameketi, anasema peke yake, mwenye upanga amesimama na karatasi. Alibandika orodha ukutani kwake na tukafanya mazoezi barazani kwangu Jumamosi tatu. Katika mazoezi maiti wa dakika ya 52 alikuwa mama mkali wa nyumba ya kuogea, akimgombeza mgeni aliyeingia majini na soksi. "Na hiyo karatasi ni nini? Ni ya kufutia miguu?" Nilicheka hadi nikashika ubavu, mara zote tatu.

Nilimpa na madongo ya kurusha. Nakiri. Nilimwambia juu ya huyo huyo muuguzi wa Quakers Hill aliyejaza karatasi za chooni hadi kwenye beseni la kuogea. Nilimwambia juu ya shemasi aliyeongoza sala mtandaoni akiwa na koti na tai, akasimama kuchukua Biblia, tukaona kaptura. Yote mawili aliyatumia, na wenyewe walicheka kuliko wote.

Nilifanya na jambo moja zaidi. Siku tatu kabla, niliutuma mwaliko kwenye kundi la familia yetu, Morogoro. Niliandika: "Jumapili saa tatu asubuhi kwa saa za huko. Njooni mwone kazi yetu." Dada yangu alijibu kwa kidole gumba. Saa tatu wao wangekuwa kanisani, nilijua. Nilitaka tu waone kwamba nimeanza kucheka tena.

Jumapili hiyo ya Septemba tulianza saa kumi na dakika tano alasiri. Yeye alikuwa kibandani kwake na kipaza sauti, mimi sebuleni na daftari, tukitenganishwa na kamba ya nguo. Alikuwa hodari, siwezi kusema vingine. Aliwapa majambazi lafudhi ya Mombasa, mpelelezi akamfanya Mrundi mpole asiyeshiba, na mpiganaji mwenye upanga akamfanya mgeni wa kutoka zamani anayeuliza kila mtu kama huku nako lazima kuchanja. Maiti wenye mawigi walilalamika kwamba wamefufuliwa nje ya kilomita tano na sasa wataandikiwa faini.

"Huyu msee wa kiwiko amekufa mara ngapi?" aliuliza muuguzi, akiwa amesahau kuzima kipaza sauti chake.

"Saba," nilijibu.

"Saba! Na bado anaripoti kazini! Huyo ni mtu wa zamu kama mimi!"

Kisha dakika ya hamsini na mbili.

Sauti yake ilishuka. Ndiyo alama niliyopaswa kuielewa mapema. Hakutumia sauti ya mama mkali; alitumia sauti ya kawaida, karibu ya kwake mwenyewe. Maneno ya kwanza nimekwisha kuyaandika juu. Aliendelea: "Baba yako anamwombea karani. Kila Jumapili anamwombea karani. Karani gani? Niambie, karani gani huyo?" Mwanamume mwenye upanga, kule Japani, mwigizaji ambaye hakuwahi kuambiwa haya, akainamisha kichwa kwa wakati ule ule, kana kwamba alikuwa amepangiwa.

Nilitazama kioo. Nyuso ndogo ndogo zilizopangwa kwenye vyumba vyao, wengi wakitabasamu, mmoja anamenya chungwa. Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyejua. Nilishika kitufe cha kufunga nikashindwa kukibonyeza, kwa kuwa ningeondoka wangeuliza kwa nini. Basi nilibaki hadi dakika ya tisini na moja, nyumba ya kuogea ikaungua, mwenye kovu akafa mara ya kumi na tatu, watu wakapiga makofi, na muuguzi akasema kwamba hiyo ndiyo filamu bora aliyoiona tangu lokdauni ianze. Wakanishukuru na mimi, kwa dakika zangu.

Nilimkuta uani asubuhi iliyofuata. Alikuwa ananingoja; alikuwa ameanika shati moja tu.

"Umeniuza," nilisema.

"Sikusema jina yako, yaya."

"Umesema barafu. Umesema siku nne. Umemsema karani wa baba yangu. Jina lilikuwa limebaki nini?"

"Nani anajua kama ni wewe? Watu walicheka."

"Mimi najua. Ulisema umefukia."

Akaligeuza shati, akalianika upya. "Nilikuwa tayari kusema soksi. Kabisa. Halafu nikaona yule mwanaume na karatasi mkononi, na kinywa ikasema yenyewe."

"Kinywa hakisemi chenyewe."

"Sawa. Basi ni mimi nilisema." Akanitazama sasa. "Mama yangu alikufa njiani, tunakimbia. Nilikuwa na miaka tisa. Walimuzika pembeni ya barabara, na mpaka leo sijui ni barabara gani. Ile siku uliniambia, sikulala vizuri. Mie ningepewa ile karatasi, yaya, ningeenda kwa miguu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa udhuru, na kwa msamaha pia, lakini si kwa hukumu. Nilimwuliza jambo ambalo bado naliona la haki: kama alikuwa na mama wa kumsemea, mbona hakumpa maiti maneno ya mama yake?

"Nilijaribu kambini, mara moja," alisema. "Yangu watu hawacheki."

Tuliacha kuanika nguo pamoja. Yeye alianika asubuhi, mimi mchana, na ghala lilipofunguliwa alihamia karibu na kazi. Alininyooshea mkono siku ya kuondoka, nikaushika. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote alichofanya, maana kumshtaki kungenilazimu kueleza kosa lenyewe, na kosa lenyewe ni langu. Alinisaliti mahali ambapo siwezi kulalamika. Nilidhani hasira yangu imefikia hapo.

Lakini mimi ni mtu wa taarifa. Jumanne ya wiki ile ile nilimwomba muuguzi aifute rekodi ya mkutano ule. Nilisingizia haki za wenye filamu. Akaifuta bila maswali, na kwa wema wake akanitumia orodha ya waliohudhuria, jinsi mashine inavyoitoa: jina au nambari, saa ya kuingia, saa ya kutoka. "Ya kumbukumbu zako, mwandishi wetu," aliandika.

Niliisoma kama ninavyosoma orodha zote, kutoka juu hadi chini. Kwenye mstari wa thelathini na tatu palikuwa na nambari bila jina, ya Tanzania. Tarakimu zake nazijua kuliko zangu. Ni nambari ya mama. Simu yake haikuzikwa naye wala haikugawiwa. Ipo mezani sebuleni, na ndiyo baba anayotumia kuongea nasi. Imo kwenye kundi la familia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa.

Nambari hiyo iliingia saa kumi na dakika mbili, kabla ya filamu kuanza. Ilitoka saa kumi na dakika hamsini na tisa. Nilihesabu mara mbili. Tulianza na dakika tano. Hamsini na tisa ni dakika ya hamsini na nne ya filamu.

Nilimpigia dada, nikamwuliza kwa njia ya mbali kama walifanikiwa kuona.

"Tungeona wapi? Si tulikuwa kanisani sote."

"Na baba?"

"Baba na miguu ile? Alibaki. Jirani alikuja kukaa naye, yule anayemsomea Zaburi."

"Simu ya mama alikuwa nayo nani?"

"Ilikuwa kwenye chaji, nadhani." Akacheka. "Baba hajui hata kufungua hivyo vitu. Kwa nini?"

Nikamwambia hakuna sababu. Lakini baba ndiye aliyefundishwa, kwenye mazishi ya mama, kubonyeza yale maandishi ya buluu ya kufungulia mkutano ili jamaa wa nje waonekane. Dada mwenyewe ndiye aliyemfundisha, nilimwona kwenye simu, amemshika kidole. Na jirani anayesoma Zaburi naye ana macho na vidole.

Jumapili iliyofuata baba alipiga kwa saa ile ile, saa nane za kwao. Aliuliza habari za kazi, za baridi, za wazee wangu wa Seven Hills. Kisha akasali. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea walio mbali, akamwombea mama pumziko. Nilikuwa nimefumba macho nikisubiri karani.

Akasema amina.

Sikumwuliza, naye hakueleza. Tumeongea kila Jumapili tangu siku ile, mipaka imefunguliwa, nimekwenda Morogoro na kurudi, nimesimama naye kaburini mkono wake begani mwangu. Simu ya mama ipo mezani, kwenye chaji. Karani hajatajwa tena.